Kaburi Lisilohamishwa: Athari za Maisha ya Wayahudi Nchini Ujerumani

Katika vijiji vya Franken, Hessen na Swabia, maeneo ya Ujerumani, si jambo la ajabu kukuta, mbali na nyumba za watu, ukingoni mwa msitu au juu ya mteremko usiolimika, ukuta wa mawe wenye lango la chuma lililotiwa kufuli. Ndani ya ukuta huo mna mawe ya makaburi, pengine machache tu na pengine zaidi ya elfu moja, yaliyoinama huku na huku chini ya miti mikubwa, na maandishi yake ni ya Kiebrania. Ufunguo hutunzwa katika ofisi ya serikali ya mtaa au kwa jirani aliyekabidhiwa. Kijijini kwenyewe hakuna Myahudi anayeishi, na katika vijiji vingi hajakuwapo hata mmoja tangu mwaka 1942, treni za kuwapeleka watu kwenye maangamizi zilipowachukua wale wa mwisho. Mava ya namna hii, yaani viwanja vya makaburi, ya mjini na ya kijijini, makubwa na madogo, yanakaribia 2,000 katika Ujerumani nzima.

Idadi hiyo inahitaji kuelezwa, kwa sababu hailingani na yaliyovipata vitu vingine vyote vya jamii hiyo. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, na katika siku zilizofuata, sinagogi na vyumba vya sala zaidi ya 1,400 vilichomwa moto au kuvunjwa. Maduka yalinyang'anywa, shule zikafungwa, nyumba zikapewa wengine. Kati ya Wayahudi takribani 500,000 waliokuwa wakiishi Ujerumani mwanzoni mwa mwaka 1933, zaidi ya nusu walifaulu kukimbia, wachache wao wakafika hadi Kenya na kuanza maisha upya katika mashamba ya nyanda za juu, na watu wasiopungua 160,000 waliuawa. Chini ya utawala wa Wanazi, uliokusudia kufuta kila dalili ya watu hawa, ilikuwaje makaburi, ambayo yako wazi na hayana mlinzi, yakasalia kwa wingi kuliko kitu kingine chochote? Jibu lina sehemu kadhaa zilizofungamana, lakini zote zinaanzia kwenye kanuni moja ya dini: kaburi ni mali ya aliyezikwa humo, na ni mali yake milele.

Msomaji aliyezoea mazishi ya Kiislamu atazitambua taratibu nyingi za Kiyahudi. Maiti huoshwa na watu wa chama cha kuzika, ambacho katika kila jumuiya ni chombo chenye heshima kubwa na kazi yake hufanywa bila ujira. Huvikwa sanda nyeupe isiyo na mfuko, tajiri na maskini sawasawa. Huzikwa mapema iwezekanavyo. Na sheria ya dini inakataza maiti kuchomwa. Linalohusu zaidi mada yetu ni uzito wa kutofukua. Kaburi halifunguliwi ili azikwe mwingine, mifupa haihamishwi isipokuwa kwa sababu chache mno, kama vile kumpeleka marehemu katika Nchi Takatifu, na ardhi iliyokwisha kupokea wafu haigeuzwi kuwa shamba, bustani wala barabara, hata kama jumuiya iliyoinunua imetoweka yote. Desturi ya Ujerumani ya leo ni kinyume cha hayo: katika makaburi ya manispaa familia hukodi kaburi kwa muda, aghalabu miaka 20 au 30, na muda ukiisha bila kuongezwa, jiwe huondolewa na mahali pale hupewa marehemu mwingine. Ndiyo maana ni nadra kwa Mjerumani wa kawaida kusimama mbele ya kaburi la babu wa babu yake, ilhali katika mava ya Wayahudi wa vijijini mawe ya karne ya 17 bado yapo palepale yaliposimikwa.

Kanuni hiyo iliwatwika Wayahudi wa zamani mzigo mzito wa kisheria. Anayetaka kuzika milele lazima amiliki ardhi milele, na katika sehemu kubwa ya Ujerumani, hadi karne ya 19, Wayahudi ama hawakuruhusiwa kumiliki ardhi ama waliruhusiwa kwa kibali kilichoweza kufutwa wakati wowote. Kwa hiyo kila mava yalitokana na majadiliano marefu na mwenye nchi, awe mtawala mdogo, askofu au baraza la mji, naye alitoa kile asichokihitaji: mteremko wenye miamba, kinamasi, kipande cha msitu kilichopo mpakani mwa vijiji viwili, pengine jirani na mahali pa kunyongea wahalifu. Bei ilikuwa ya juu, na juu ya bei kulikuwa na malipo kwa kila maiti aliyezikwa na ushuru wa njiani kila jeneza lilipovuka mpaka wa himaya. Kwa kuwa jumuiya za vijijini zilikuwa na kaya chache, nyingi ziliungana kumiliki mava kwa pamoja. Mava ya Rödelsee katika Franken ya Chini na ya Georgensgmünd kusini mwa Nuremberg yalihudumia vijiji vingi, na wafu walisafirishwa hadi huko kwa mkokoteni kwa saa kadhaa, jua au theluji. Ni kweli kwamba dini yenyewe inataka makaburi yawe nje ya makazi, lakini umbali wa kilomita nyingi na ubovu wa ardhi haukuwa uchaguzi wa Wayahudi. Anayeyaona mava hayo msituni leo na kuhitimisha kwamba jamii hii ilipenda kujitenga anakuwa ameyasoma mambo kinyumenyume.

Historia yenyewe ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Amri ya Kaizari Konstantino ya mwaka 321, iliyoruhusu Wayahudi wa Cologne kuitwa katika baraza la mji pamoja na gharama zake, ndiyo hati ya kale zaidi inayothibitisha kuwapo kwao kaskazini mwa milima ya Alps. Makaburi yanayoonekana kwa macho yanaanza karne ya 11, kando ya mto Rhine, katika miji mitatu ya Speyer, Worms na Mainz, iliyokuwa vitovu vya elimu ya Torati kwa Wayahudi wote wa Ulaya ya kati na ambayo tangu mwaka 2021 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Huko Worms, nje kidogo ya ukuta wa mji wa kale, kuna mava yaitwayo Heiliger Sand yenye mawe zaidi ya 2,000. Jiwe la kale zaidi linalosomeka ni la mwaka wa Kiyahudi ulioangukia 1058 na 1059, na wafu waliendelea kuzikwa humo kama jambo la kawaida hadi mava mapya yalipofunguliwa mwaka 1911. Ndiyo mava ya Kiyahudi ya kale kuliko yote Ulaya ambayo mawe yake bado yamesimama mahali pake pa asili.

Mawe mawili ya Worms yanastahili kutazamwa kwa karibu. Ni ya mawe mchanga ya rangi nyekundu, yamesimama bega kwa bega, na juu yake siku zote pana vijiwe vidogo na vikaratasi vilivyokunjwa ambamo wageni wameandika maombi yao. La kwanza ni la rabi Meir wa Rothenburg, mwanachuoni mkubwa kuliko wote wa Kijerumani katika karne ya 13. Mwaka 1286 alikamatwa alipokuwa akijaribu kuondoka katika himaya, akafungwa na mfalme Rudolf wa Habsburg, ambaye aliwahesabu Wayahudi kuwa mali yake na hakutaka walipa kodi wake wahame. Inasimuliwa kwamba rabi mwenyewe alikataa asikombolewe kwa fedha, ili watawala wasijifunze kuwateka viongozi wa jumuiya kwa ajili ya faida. Alifia kifungoni mwaka 1293, na hata maiti yake ikazuiliwa. Ilitolewa mwaka 1307 tu, baada ya mfanyabiashara Alexander ben Salomo Wimpfen kulipa mali nyingi, akiwa na sharti moja: atakapokufa, azikwe ubavuni mwa rabi. Alifariki muda mfupi baadaye, na jiwe la pili ni lake. Kwa miaka kumi na minne mtawala aliitumia maiti kama rehani, kwa sababu alijua uzito ambao watu hawa waliupa mazishi.

Watawala na raia wengine waliujua uzito huo pia, na waliutumia vibaya. Wakati wa tauni ya 1348 na 1349 jumuiya za miji mingi ziliuawa kwa uzushi kwamba Wayahudi walitia sumu visimani, na katika karne mbili zilizofuata mji baada ya mji uliwafukuza waliosalia. Kila walipofukuzwa, mava yalivamiwa. Mainz iliwafukuza Wayahudi mwaka 1438, na mawe yao yakaingia katika misingi na kuta za majengo ya mji. Mengi yaliibuka tena karne nyingi baadaye, na mwaka 1926 rabi Sali Levi alisimamia kusimikwa kwa baadhi yake katika kipande cha ardhi ya mava yale ya kale. Regensburg ilifanya hivyo Februari 1519, wiki chache baada ya kifo cha Kaizari Maximilian wa Kwanza, aliyekuwa mlinzi wa jumuiya hiyo angalau kwa jina. Sinagogi ilibomolewa, maelfu ya mawe yakang'olewa, na baadhi ya wenyeji waliyapachika kwenye kuta za nyumba zao, maandishi yakiwa nje, kama nyara za vita. Huko Würzburg, mwaka 1987, jengo moja lilipokuwa likibomolewa, kuta zake zilitoa mawe na vipande vya mawe karibu 1,500 vya karne ya 12 hadi ya 14, hazina kubwa kuliko zote za maandishi ya makaburi ya Kiyahudi ya zama za kati. Mawe yalichukuliwa ili kudhalilisha na kwa sababu yalikuwa malighafi ya bure iliyokwisha kuchongwa, lakini kuta zilizoyameza ziliyakinga na mvua na baridi, na leo baadhi yake yanasomeka vizuri kuliko mawe ya karne ya 19 yaliyobaki nje.

Kuyasoma kunahitaji ujuzi kidogo, na ujuzi huo unaweza kupatikana. Maandishi karibu yote huanza na herufi mbili zinazofupisha maneno "hapa amezikwa" au "hapa amefichwa", na humalizika kwa herufi tano ambazo ni ufupisho wa dua iliyotoholewa katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, kwamba nafsi ya marehemu ifungwe katika furushi la uhai. Katikati huwekwa jina la marehemu na la baba yake, sifa zake na tarehe. Mwaka huandikwa kwa herufi, kwani kila herufi ya Kiebrania ina thamani ya namba, na elfu tano za mwanzo za kalenda ya Kiyahudi kwa kawaida huachwa. Chukua jiwe lenye herufi tav, resh, yod na het: 400, 200, 10 na 8, jumla 618. Ongeza 1240 upate 1858. Ila, kwa kuwa mwaka wa Kiyahudi huanza majira ya kupukutika majani, aliyekufa Oktoba au Novemba wa mwaka huo wa Kiyahudi alikufa kwa hakika katika 1857.

Michoro nayo ina maana zake. Mikono miwili iliyonyooshwa, vidole vikiwa vimeachana kwa jozi, huonyesha marehemu alikuwa wa ukoo wa makuhani, ambao hadi leo hutoa baraka katika sinagogi na ambao hawaruhusiwi kukaribia maiti. Kwa sababu hiyo mara nyingi walizikwa karibu na njia au ukuta, ili jamaa zao wa ukoo huohuo waweze kulizuru kaburi bila kuingia ndani. Birika huonyesha Mlawi, kwa kuwa Walawi humwagia makuhani maji mikononi. Simba au paa huenda ni jina la mtu. Huko Frankfurt, ambako tangu mwaka 1462 Wayahudi walilazimishwa kuishi katika mtaa mmoja mwembamba, mawe ya mava ya Battonnstraße yana alama za nyumba ambazo marehemu waliishi, kwa kuwa nyumba hazikuwa na namba bali zilitambulishwa kwa picha. Huko Altona, ambayo sasa ni sehemu ya Hamburg, Wayahudi wenye asili ya Ureno walinunua ardhi mwaka 1611, nao waliyalaza mawe yao chini na kuyachonga mandhari za Biblia, wakati majirani zao wa asili ya Kijerumani, katika uwanja uleule, walisimamisha mawe yasiyo na sura ya binadamu. Hata ndani ya dini moja hapakuwa na namna moja tu ya kuwa Myahudi wa Ujerumani.

Kuanzia karne ya 19 lugha inabadilika. Kwanza Kijerumani kinajitokeza nyuma ya jiwe, kisha kinahamia mbele chini ya Kiebrania, na mwishoni kinatawala, huku Kiebrania kikibaki katika zile herufi za mwanzo na za mwisho. Mava ya Weißensee mjini Berlin, yaliyofunguliwa mwaka 1880 na yenye ukubwa wa hekta 42 na makaburi zaidi ya 115,000, ni kumbukumbu ya tumaini hilo la kukubaliwa: kuna majengo makubwa ya familia za wenye benki na viwanda, yaliyojengwa kwa mitindo ileile ya matajiri wa Kikristo, na kuna uwanja wa heshima wa wanajeshi wa Kiyahudi waliofia Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Nchi nzima walikufa askari wa Kiyahudi wapatao 12,000 katika vita hivyo. Uwanja huo ulizinduliwa mwaka 1927, miaka sita tu kabla ya Hitler kushika madaraka.

Sasa turudi kwenye swali la kwa nini Wanazi hawakuyamaliza makaburi yote. Haikuwa huruma, wala haikuwa heshima kwa wafu. Sinagogi ilikuwa katikati ya mji, ilionekana na ilikuwa ishara ya jumuiya hai, na kuichoma kulitangaza kitu mbele ya umma. Makaburi yalikuwa msituni, katika ardhi ile mbovu iliyotolewa karne tatu nyuma, na hayakuwa na thamani kubwa sokoni. Kanuni za afya za Kijerumani zilitaka miaka mingi ipite tangu maziko ya mwisho kabla ya ardhi kutumiwa kwa kazi nyingine, na manispaa zilizoyanunua kwa bei ya kutupa mava ya majirani zao waliohamishwa zilikuwa na nia ya kuyasafisha baadaye, muda ukifika. Vyuma vya milango na uzio vilichukuliwa kwa ajili ya viwanda vya silaha. Kuna na sababu ya kutisha zaidi: taasisi za Kinazi zilizochunguza nasaba zilinakili daftari za jumuiya na kupiga picha maandishi ya baadhi ya mava ili kutambua nani alikuwa na damu ya Kiyahudi, na picha hizo, zilizopigwa kwa nia ya kuangamiza, leo ni ushahidi pekee wa mawe mengi yaliyopotea. Kisha vita vikamaliza wafanyakazi, na utawala wenyewe ukaanguka.

Palipokuwa na thamani au kiburi zaidi, uharibifu ulikuwa mkubwa. Mava ya kwanza ya Berlin, yaliyoanza mwaka 1672 katika barabara ya Große Hamburger, ambako mwanafalsafa Moses Mendelssohn alizikwa mwaka 1786, yalivunjwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, mwaka 1943, na mawe yake yakatumiwa kuimarisha handaki. Jiwe la Mendelssohn linaloonekana hapo sasa ni la badala. Huko Battonnstraße, Frankfurt, kazi ya kuponda mawe ilianza mwaka 1942 na karibu theluthi mbili ziliharibiwa kabla haijasimama. Jiwe la Mayer Amschel Rothschild, mwanzilishi wa ile familia ya wenye benki, ni mojawapo ya yaliyosalia.

Baada ya 1945 makaburi yalikuwa na wafu lakini hayakuwa na walio hai wa kuyatunza. Mava mengi yalirudishwa kwa vyama vya kisheria vya Kiyahudi vilivyorithi mali za jumuiya zilizokufa, kisha yakaingia mikononi mwa vyama vya jumuiya vya kila jimbo, ambavyo baadhi yake vinamiliki mamia ya mava huku vikiwa na wanachama wachache wanaoishi katika miji michache. Mwaka 1957 serikali kuu ya Ujerumani Magharibi na majimbo yake walikubaliana kugawana gharama za kuyatunza mava yasiyo na jumuiya: kukata majani, kutengeneza kuta na milango, kuyaimarisha mawe yanayoweza kumwangukia mtu. Mgawanyo huu huwachanganya wageni wengi. Ardhi ni ya Wayahudi, gharama ni za dola, na kazi hufanywa na manispaa, lakini uamuzi wa mwisho unafuata sheria ya dini. Kwa hiyo mti hauwezi kung'olewa na mizizi yake ikiwa mizizi hiyo imepita makaburini, na jiwe lililoanguka na kuzama ardhini huenda likaachwa hapohapo, ingawa mtaalamu wa mambo ya kale angetamani kulipeleka makumbusho.

Mgongano wa kanuni hizo mbili, ile ya milele na ile ya muda, ulionekana wazi kuliko popote huko Ottensen, mtaa wa Hamburg. Mava ya hapo yalianza mwaka 1663. Wanazi walijenga mahandaki ya kujikinga na mabomu juu yake, na baada ya vita kiwanja kiliuzwa, mwaka 1950, kikajengwa duka kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mmiliki mpya alitaka kubomoa duka hilo na kujenga kituo cha biashara chenye maegesho ya magari chini ya ardhi. Kwa mamlaka za mji, kiwanja kilikuwa kimekwisha kuuzwa kihalali na hakikuwa na jiwe hata moja juu yake. Kwa Wayahudi wa madhehebu ya Orthodoksi, waliokuja kutoka nchi kadhaa na kukaa chini mbele ya mitambo hadi polisi walipowabeba, mauzo hayakuweza kubadilisha chochote, kwa sababu wenye mali walikuwa bado chini ya udongo. Mwaka 1992 rabi mkuu wa Jerusalem, Itzchak Kolitz, aliombwa kutoa hukumu, akaamua kwamba udongo usichimbwe. Jengo lilijengwa juu ya bamba la zege bila maegesho ya chini, likafunguliwa mwaka 1995, na ndani yake, kwenye ngazi, kuna vibao vyenye majina ya waliozikwa hapo. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa mwafaka wa busara na wapo wanaoona kwamba watu wanafanya manunuzi juu ya makaburi. Mimi naona wote wawili wana hoja, na kwamba kosa lenyewe lilifanywa mwaka 1950.

Mbali na makaburi, athari nyingine zimejificha zaidi. Kwenye miimo ya milango ya nyumba za zamani, upande wa kulia wa anayeingia, kuna mahali ambapo mfereji mdogo ulioinama kidogo umechongwa katika mbao au jiwe, urefu wa kidole. Humo ndimo lilimokaa andiko la Torati ambalo kila nyumba ya Kiyahudi huwa nalo mlangoni, na rangi iliyopakwa mara kumi haijaufuta mchongo. Sinagogi za vijijini ambazo hazikuchomwa, kwa hofu kwamba moto ungeruka kwenye nyumba za jirani, zilikuwa ghala, karakana au kituo cha zimamoto. Huko Veitshöchheim, karibu na Würzburg, mafundi wa mwaka 1986 walikuta darini mwa jengo kama hilo lundo la vitabu vya sala, barua na karatasi za mahesabu, kwa kuwa andiko lenye jina la Mungu halitupwi. Sinagogi ya kale ya Erfurt, ambayo sehemu zake za mwanzo ni za karne ya 11, ilinusurika kwa sababu iligeuzwa bohari baada ya mauaji ya 1349 na baadaye ukumbi wa dansi, hadi hakuna aliyekumbuka ilikuwa nini.

Na wale waliouawa katika kambi, makaburi yao yako wapi? Wengi hawana. Weißensee kuna majivu ya mamia ya watu yaliyotumwa kwa familia kutoka kambini, na katika mava mengi utakuta jina limeongezwa chini ya jiwe la wazazi, likifuatwa na neno Auschwitz au Theresienstadt badala ya mahali pa kuzikwa. Bergen-Belsen, ambako wafungwa wapatao 52,000 walikufa, ni vilima virefu vya makaburi ya halaiki vyenye idadi ya wafu bila majina. Jiwe la Anne Frank, msichana aliyeacha shajara mashuhuri, na dada yake Margot hapo ni la kumbukumbu tu. Frankfurt ilichagua kuuvika ukuta wa nje wa Battonnstraße vipande vidogo vya chuma karibu 12,000, kila kimoja na jina la mkazi aliyeuawa, vikiwa vimetokeza kiasi cha kuweza kubeba kijiwe, kama desturi ya Kiyahudi ya kuzuru kaburi inavyotaka.

Kumbukumbu iliyoenea zaidi ni ile ya msanii Gunter Demnig, aliyeanza Cologne mwaka 1992: bamba la shaba nyeupe la sentimita 10 kwa 10 linalopachikwa katika njia ya miguu mbele ya nyumba ya mwisho ambayo mtu aliishi kwa hiari yake. Bamba la 100,000 liliwekwa Nuremberg mwaka 2023. Mabamba hayo si ya Wayahudi peke yao. Katika Brunnenstraße mjini Berlin lipo la Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, askari mtoto wa jeshi la Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, aliyefundisha Kiswahili Berlin, akakamatwa mwaka 1941 na kufia kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Mji wa Munich haujaruhusu mabamba hayo katika ardhi ya umma, kwa kumsikiliza kiongozi wa jumuiya yake ya Kiyahudi, Charlotte Knobloch, ambaye mwenyewe alinusurika akiwa mtoto na ambaye hawezi kuvumilia majina ya waliouawa kukanyagwa tena. Familia nyingine za wahanga zinaomba mabamba hayohayo kwa machozi. Sioni namna ya kuwapatanisha, na hakuna ulazima.

Makaburi yenyewe yanaendelea kushambuliwa na binadamu na hali ya hewa. Mtu aliyejaribu kuivamia sinagogi ya Halle tarehe 9 Oktoba 2019, ambaye baadaye aliua watu wawili, alirusha pia bomu ndani ya mava yaliyo kando yake. Kuangusha mawe usiku ni kosa linalotokea kila mwaka mahali fulani. Hata hivyo mawe mengi zaidi yanaharibiwa kimya na baridi: maji huingia katika jiwe mchanga, huganda, na uso wa jiwe hubanduka pamoja na maandishi yote. Kwa hiyo Taasisi ya Steinheim iliyoko Essen na watafiti wengine wanapiga picha, kunakili na kutafsiri maandishi hayo na kuyaweka katika hifadhi ya intaneti iliyo wazi kwa wote, na makumi ya maelfu tayari yanasomeka huko. Mjukuu aliyeko Buenos Aires au Nairobi anaweza kulipata jiwe la babu yake bila kuomba ufunguo kwa mtu.

Wakati huohuo maziko mapya yanaendelea. Mwaka 1989 jumuiya za Ujerumani zilikuwa na wanachama wapatao 30,000. Leo wako karibu 90,000, wengi wao waliotoka Urusi, Ukraine na nchi nyingine za iliyokuwa Muungano wa Kisovyeti, au watoto wao. Mawe yao ni ya graniti nyeusi inayong'aa, yana herufi za Kirusi, maua na picha ya marehemu iliyochorwa juu ya jiwe, mambo ambayo marabi wengi hawayapendi. Swali gumu zaidi linahusu wenzi wa ndoa: wahamiaji wengi walikuja na mke au mume asiye Myahudi, baada ya miaka hamsini ya kuishi pamoja, na kwa sheria ya kale hawawezi kuzikwa ubavu kwa ubavu. Baadhi ya jumuiya zimewatengea eneo ndani ya mava, likiwa limetenganishwa kwa njia ndogo au ua wa vichaka, nyingine zimekataa, na nyingine bado zinajadiliana.